Spectrum, Commodore 64 au MSX: gemu yako mpya uitengenezee mashine ipi?

Wiki mbili nzima mpwa wangu alitembea na daftari lililojaa michoro ya baiskeli, na hakuwa ameandika hata mstari mmoja wa programu. Gemu yenyewe aliijua vizuri. Mwendesha boda wa zamani, yule wa baiskeli, anampakia abiria hapa Busia upande wa Uganda na kumfikisha upande wa Kenya, akikwepa matrela, mbuzi na madimbwi. Ndiko lilikotoka jina boda boda, kutoka mpaka hadi mpaka, kabla pikipiki hazijalirithi. Kilichomkwamisha ni mashine. Alitaka gemu iende kwenye kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, zile zilizochomekwa kwenye televisheni, na kila alikosoma aliambiwa habari tofauti.

"Mjomba, nichague ipi?"

Nikamuuliza: kwenye gemu yako, ni nini kinachosogea? Alidhani namkwepa. Haya yafuatayo ndiyo majibu niliyompa kwa siku kadhaa, nimeyapanga ili yamfae na mwingine aliyekwama palepale. Nimewahi kuziandikia programu mashine zote tatu, na zote zimenitoa jasho.

Kwanza nijibu swali la jirani zangu: kwa nini mtu ajisumbue na kompyuta iliyozeeka kuliko yeye? Kwa sababu unaweza kuijua yote, hadi baiti ya mwisho. Na kwa sababu laptop ya mtumba isiyoweza kufungua gemu moja ya kisasa inatosha kabisa kutengenezea hizi.

Tutazipima kwa nini

Vigezo ni vitano. Picha na mwendo: mashine inachora nini, na nani anafanya kazi ya kuchora, chipu au wewe. Sauti. Kuandika programu: unaanzia wapi na njia inaelekea wapi. Mashine yenyewe mezani, pamoja na umeme wetu na televisheni zetu. Mwisho, mchezaji ni nani na gemu itamfikiaje. Havina uzito sawa. Cha kwanza kwangu kinazidi vingine vyote, ndiyo maana nitakaa nacho muda mrefu.

Wagombea wenyewe: ZX Spectrum ya kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoka Aprili 1982 ikiwa na prosesa ya Z80 ya megahezi 3.5 na kumbukumbu ya kilobaiti 16 au 48. Commodore 64 ya Marekani ilitoka mwaka huohuo, ina prosesa ya 6510 ya takriban megahezi 1 na kilobaiti 64. MSX haikuwa kompyuta moja. Ilikuwa kanuni iliyotangazwa Japani mwezi Juni 1983, na kampuni nyingi zikatengeneza mashine zinazoifuata: Sony, Panasonic, Toshiba, Philips na nyingine. Prosesa yake pia ni Z80, ya megahezi 3.58. Usidanganywe na megahezi hizo. Amri moja ya Z80 hula mizunguko mingi (mapigo ya saa ya prosesa) kuliko ya 6510, kwa hiyo pengo ni dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi.

Picha na mwendo

Skrini ya Spectrum ina pikseli 256 kwa 192. Kila pikseli unaiwasha au kuizima utakavyo, lakini rangi hutolewa kwa kiraka: kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 una rangi mbili tu, moja ya wino na moja ya karatasi. Sasa chora mgomba wa kijani kando ya barabara, kisha mpitishe mbele yake boda mwenye shati jekundu. Shati linapogusa mraba ulio na jani, mmoja lazima akubali rangi ya mwenzake. Ama shati linakuwa kijani, au kipande cha mgomba kinawaka nyekundu na kufuatana na mwendesha baiskeli kama taa ya breki. Ndiyo alama ya Spectrum hiyo. Ukiiona kwa mbali unaijua mashine. Watengenezaji wenye akili hawapigani nayo. Huacha eneo la kuchezea liwe la rangi moja, au husogeza vitu mraba mzima kwa mraba mzima, au huweka mandhari nyeusi ili kusiwe na cha kugongana nacho.

La pili, Spectrum haina spraiti, yaani picha ndogo ambayo chipu huielekeza yenyewe juu ya mandhari. Kila kinachosogea unakichora wewe, unakifuta wewe, na unarudisha wewe kilichokuwa nyuma yake. Picha ya skrini nzima ni baiti 6144, na rangi ni 768 juu yake. Amri ya Z80 ya kuhamisha kundi la baiti, LDIR, hula mizunguko 21 kwa kila baiti. Zidisha kwa 6144, unapata 129,024. Fremu moja ya televisheni, ambazo ni 50 kwa sekunde, inakupa mizunguko 69,888. Hesabu imejieleza: kusogeza skrini nzima kwa njia hiyo kunakula karibu fremu mbili, na boda mwenyewe bado hujamchora. Zipo mbinu za kasi zaidi, na wengi husogeza sehemu tu ya skrini, ila mwanzoni usijipe kazi hiyo. Tena mistari ya skrini haikupangwa kwa kufuatana. Ukimaliza baiti 32 za mstari wa juu kabisa, zinazofuata kwenye kumbukumbu ni za mstari ulio pikseli 8 chini yake. Siku ya kwanza utachora baiskeli ikatoka imechanwachanwa kama mkeka uliokatwa.

Commodore 64 ilizaliwa kwa ajili ya kitu alichokuwa nacho mpwa wangu kwenye daftari. Chipu yake ya picha, VIC-II, inakupa spraiti 8 za pikseli 24 kwa 21, zinazopita juu ya mandhari bila kuigusa. Unabadilisha namba mbili, ya mlalo na ya wima, na baiskeli imehama. Wajuzi huzitumia spraiti zilezile mara kadhaa ndani ya fremu moja, wakivizia mstari wa televisheni ulikofika, hadi skrini inaonekana ina spraiti ishirini na zaidi. Na barabara inateleza. Kuna rejista, kisanduku kidogo cha namba ndani ya chipu, inayosogeza skrini kwa pikseli 0 hadi 7, na ni kila baada ya pikseli 8 tu ndipo unapohamisha herufi 1000 za skrini pamoja na rangi zake. Ubora wa picha ni 320 kwa 200, lakini gemu nyingi hutumia 160 kwa 200 ili kupata rangi nne kwenye mraba mmoja. Pikseli zinakuwa nene, na rangi zake 16 ni za udongo, majani makavu na anga ya mvua. Mimi nazipenda. Wengine wanasema zimefifia.

Ina mitego yake. Mpwa wangu alifanikiwa kuweka baiskeli barabarani siku ya kwanza, ikaenda kulia vizuri hadi nafasi ya 255, halafu kompyuta ikagoma na kumwambia namba haikubaliki. Alikaa saa nzima akitafuta kosa kwenye hesabu zake. Kosa halikuwepo. Baiti moja haiwezi kubeba namba inayozidi 255, na skrini ina upana wa pikseli 320, kwa hiyo biti ya tisa ya kila spraiti imewekwa kwenye anwani nyingine kabisa ya kumbukumbu, 53264, zote nane pamoja. Commodore 64 imejaa mambo ya namna hiyo.

MSX ya kizazi cha kwanza hutumia chipu ya Texas Instruments, TMS9918A, yenye kumbukumbu yake binafsi ya kilobaiti 16, hivyo picha haili nafasi ya programu yako. Ina spraiti 32, za pikseli 8 kwa 8 au 16 kwa 16, kila moja ya rangi moja. Rangi za mandhari ni laini kuliko za Spectrum: kila kipande cha pikseli 8 kwenye mstari mmoja kina rangi zake mbili, na spraiti haziambukizi mandhari. Tabu iko kwingine. Kwenye mstari mmoja wa mlalo zinaonekana spraiti nne tu. Trela lenye upana wa pikseli 32 ni spraiti mbili. Boda ni ya tatu. Abiria mwenye nguo ya rangi nyingine ni ya nne. Anayefuata kwenye mstari huo hachorwi. Dawa inayojulikana ni kubadilisha mpangilio kila fremu ili zipokezane kutoweka, na matokeo yake ni kumetameta. Na MSX ya kwanza haina mtelezo wa pikseli. Mandhari huruka hatua ya pikseli 8. MSX2 ya 1985 iliongeza mtelezo wa wima, wa mlalo ukasubiri toleo lililofuata.

Kabla hujaitupa Spectrum, fikiria gemu ya pili iliyokuwa kwenye daftari lilelile: mweso. Ubao wa mashimo 32, safu nne za manane, kete 64. Hakuna kinachoteleza. Kete zinahama shimo kwa shimo, na kila shimo linakaa kwenye miraba yake bila kugombana na jirani. Hapo pikseli nyembamba za Spectrum na rangi zake kali zinapendeza kuliko zile nene za Commodore, na ubao wote, hali nzima ya mchezo, unakaa kwenye baiti 32. Mashine iliyoshindwa na baiskeli inashinda hapa bila jasho.

Sauti

Kwa muziki nilimpa mpwa wangu kipimo kimoja: amadinda. Ni ile marimba ya Buganda yenye vipande 12, inayopigwa na watu watatu. Omunazi anaanza, omwawuzi anapenyeza noti zake katikati ya zile za mwenzake, na omukoonezi anadaka baadhi ya noti zinazojitokeza na kuzirudia juu. Wapigaji watatu, na chipu za sauti za enzi hizo zina njia tatu. Kama zimeumbiwa kazi hiyo. Ugumu ni kwamba mizani yake hugawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, na haiingii kwenye noti 12 za piano.

Spectrum ya 48K ina spika yenye biti moja: imesukumwa au imeachwa. Prosesa ndiyo inayoisukuma, kwa hiyo amri ya BEEP inapolia kila kitu kingine kinasimama. Hapo hapo ina jambo ambalo sikulitegemea. BEEP inakubali noti yenye desimali. Hatua moja ya amadinda ni karibu nusutoni 2.4, basi andika BEEP 0.1,2.4 kisha 4.8 kisha 7.2, na utasikia kitu ambacho bibi yangu angekitambua. Kwa njia tatu unahitaji Spectrum ya 128K, iliyoongezewa chipu ya AY-3-8912.

MSX ina ndugu wa chipu hiyo ndani ya kila mashine. BASIC yake, lugha ya programu iliyokuja ndani ya kompyuta hizi, ina amri ya PLAY inayopokea mistari mitatu ya noti kwa pamoja na kuipiga huku gemu ikiendelea. PLAY inajua noti za piano tu. Ukitaka amadinda unaandika moja kwa moja kwenye rejista kwa amri ya SOUND.

Commodore 64 ina SID, chipu iliyobuniwa na Bob Yannes, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya ala za muziki ya Ensoniq. Sauti tatu, mawimbi ya aina nne, kichujio, na kila sauti ina namba ya biti 16 ya kupanga kiwango chake, kwa hiyo mizani yoyote inawezekana. Hapa nakiri upendeleo: nikisikia besi ya SID nasahau kasoro nyingine zote za mashine hiyo. Ila BASIC yake haina hata amri moja ya sauti. Ni kuandika namba kwenye anwani kuanzia 54272, ukikosea moja unabaki na kimya.

Kuandika programu

Asiyewahi kuandika programu, au aliyeandika kidogo, atapokelewa vizuri zaidi na MSX. Hii hapa programu nzima inayosogeza kiboksi chekundu kushoto na kulia kwa vibonye vya mishale:

10 SCREEN 2,2
20 SPRITE$(0)=STRING$(32,255)
30 X=120:Y=90
40 S=STICK(0)
50 X=X+2*((S=7)-(S=3))
60 PUT SPRITE 0,(X,Y),8,0
70 GOTO 40

Mistari saba. Kuna hata amri ya kuruka kwenye sehemu fulani ya programu spraiti mbili zinapogongana. Ukitaka kasi zaidi unahamia lugha ya C kwa kompaila ya SDCC (programu inayoigeuza kuwa lugha ya mashine), au asembli, ile lugha ya kumwamuru prosesa amri moja moja, na mwisho unapata faili la kartriji la kilobaiti 16 au 32. Angalizo moja: C-BIOS, ile programu huria ya kuwashia MSX inayokuja na baadhi ya emuleta (programu zinazoiga mashine ya zamani ndani ya kompyuta ya kisasa), haina BASIC ndani yake. Kwa kujifunzia tumia WebMSX, inafunguka kwenye kivinjari na BASIC yake iko tayari.

BASIC ya Spectrum ina amri za kuchora nukta, mstari na duara, na inakuruhusu kuchora herufi 21 zako mwenyewe, ambazo zinatosha kwa baiskeli, mbuzi na dimbwi. Kibodi yake inachekesha: kila kibonye kinatoa neno zima, bonyeza P upate PRINT. Ni ya polepole, lakini njia ya kutoka hapo imefyekwa vizuri kuliko kwa wenzake. Kompaila ya Boriel inachukua BASIC na kuigeuza lugha ya mashine; kompaila ya z88dk ipo kwa wanaotumia C; na Arcade Game Designer ya Jonathan Cauldwell inamwezesha mtu asiyejua prosesa kutengeneza gemu ya kurukaruka iliyokamilika. Kwa sisi tunaonunua data kwa vifurushi, ni vizuri kujua kwamba zana hizi si kubwa; unazipakua mara moja, unasahau intaneti.

Commodore 64 ina kilobaiti 64, BASIC inakuachia baiti 38,911, na haikupi amri hata moja ya picha. Kila kitu ni POKE, amri ya kuandika namba kwenye anwani, na namba zenyewe. Mpwa wangu aliyaita "mahesabu ya benki". Kwa kweli mashine hii inakusukuma kwenye asembli mapema, na asembli yake ni ndogo: rejista tatu, A, X na Y, unazijua kwa wiki moja, wakati Z80 ina kundi zima. C inapatikana kwa kompaila ya cc65, lakini prosesa yenye steki (rundo la kuwekea namba kwa muda) ya baiti 256 haikuumbwa kwa lugha hiyo. Anayetaka gemu ya kufyatua risasi bila kuandika programu anaweza kutumia kifaa cha 1987 kinachojulikana kama SEUCK. Emuleta ni VICE, na ina kidirisha cha kuchungulia kila anwani huku gemu ikikimbia, kitu kitakachokuokoa usiku mwingi.

Mashine yenyewe mezani

Anza na emuleta, hata kama una pesa. Laptop ikizimiwa umeme inaendelea na betri. Kompyuta ya 1982 taa zikipepesa mara moja tu imesahau kila kitu.

Siku ukitaka chuma chenyewe, angalia kilikotoka. Umeme wetu ni volti 240, hezi 50, na soketi zetu ni za Kiingereza, kwa hiyo Spectrum au Commodore 64 iliyouzwa Uingereza inachomekwa moja kwa moja. Commodore ya Marekani inataka volti 120, na picha yake ni ya mfumo wa NTSC ambao televisheni zetu nyingi za kichogo hazikuuzoea. MSX ya Kijapani inataka volti 100. Hilo nalijua kwa pua yangu. Niliichomeka ukutani bila transfoma kwa furaha ya kufungua boksi, ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki na samaki, na ikawa ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuiona taa yake ikiwaka. MSX ya Ulaya inahitaji adapta ya plagi tu.

Spectrum nayo ina mtego wake: inatumia volti 9, lakini katikati ya plagi ni hasi, kinyume cha adapta nyingi utakazookota sokoni. Commodore 64 ina ubaya mwingine, ile transfoma yake ya awali ikizeeka huweza kupandisha volti 5 na kuua chipu. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, au nunua transfoma mpya.

Kupakia gemu kwenye Spectrum hakuhitaji redio kaseti. Geuza faili la gemu kuwa sauti, unganisha simu yako na tundu la EAR, cheza. Gemu iliyojaa 48K inachukua kama dakika tano za makelele, na mtoto yeyote aliyepo chumbani atakuuliza kama simu imeharibika.

Kuna pia mashine mpya zenye sura ya zamani, kama THEC64 ya 2019 na The Spectrum ya 2024, zinazopokea gemu kwa USB na kuunganishwa na televisheni ya kisasa. Ni njia ya amani, ukiweza gharama ya kusafirisha hadi hapa.

Mchezaji ni nani

Spectrum inapendwa sana Uingereza, Hispania na Ulaya ya Mashariki, ambako ilinakiliwa kwa wingi. Wapenzi wake wana hata mashindano ya gemu mbovu kwa makusudi, kwa hiyo hakuna gemu ya kwanza itakayoaibika huko. Commodore 64 ina watu Ujerumani, nchi za Skandinavia na Marekani. MSX iko Japani, Brazili, Uholanzi na Hispania, na ilifika pia nchi za Kiarabu kupitia Sakhr ya Kuwait. Shindano lake la gemu mpya, MSXdev, ni mahali pazuri pa kujipa tarehe ya mwisho. Gemu za mashine zote tatu unaweza kuziweka itch.io, tovuti ya kusambazia gemu.

Lakini mchezaji wa Busia ana simu. Gemu yako itamfikia kupitia emuleta ya kivinjari, na atacheza kwa vidole gumba. Basi tumia vibonye vichache, vitano visizidi, kwenye mashine yoyote utakayochagua. Maandishi ya Kiswahili hayana shida popote; hakuna herufi yetu inayokosekana kwenye mashine yoyote kati ya hizi.

Sasa, wewe uko wapi?

Kama kitu kikuu kwenye gemu yako ni barabara au mandhari yanayoteleza, au vita vya vitu vingi angani, nenda Commodore 64 na ukubali kujifunza asembli. Vivyo hivyo kama muziki ndio uliokuleta.

Kama gemu ni ya ubao, ya mafumbo, ya maneno, au ya chumba kimoja kimoja, Spectrum itakufikisha mwisho haraka. Mweso, karata, hadithi ya maandishi kwa Kiswahili: huko ndiko. Pia kama huna hamu ya kuandika programu kabisa na unataka kuona kitu kinarukaruka ndani ya mwezi mmoja.

Kama unajifunza, au unamfundisha mtoto, au una kikundi cha wanafunzi wanaoshirikiana laptop moja, MSX. Spraiti kwa mistari saba inawafanya watoto warudi kesho. Na ujuzi wa Z80 utakaoupata unakupeleka Spectrum bila kuanza upya.

Kama tayari unayo mashine moja kabatini, hata kama si bora kwa gemu yako, badilisha gemu. Ni rahisi kuliko kubadilisha mashine.

Mpwa wangu kwa hesabu zote alifaa Commodore 64. Amechukua MSX. Amekata barabara iwe skrini tano zisizoteleza, matrela yanapita kwa kukatiza, na baiskeli tayari inafika upande wa Kenya. Tatizo moja limebaki: mbuzi akisimama mstari mmoja na trela, boda na abiria, anapotea. Nikamwonyesha ile dawa ya kupokezana. Ameikataa. Anasema mbuzi wa mpakani ndivyo walivyo, ukigeuka kutazama trela humwoni tena.